Mlango Uliogoma

Sura ya Sita

Karakana nzima ilikuwa na kauli moja: mlango ulifungwa kwa ufunguo. Sajini Mererid Prydderch alikuwa ameshakaa polisi muda wa kutosha, na alichojifunza ni kwamba watu wakikubaliana upesi hivyo, mara nyingi hakuna hata mmoja aliyetazama.

Yeye alikuja kutazama. Alivua koti lililolowa, akalitundika kwenye msumari, akasimama mbele ya behewa namba nne la reli ya Bonde la Rhedyn. Lilikuwa behewa la mbao la enzi za mama wa bibi yake, vyumba sita mstari mmoja, kila chumba na milango yake ya kutokea nje. Kabla watu wa kujitolea wanaofufua reli hiyo hawajalikomboa, lilikaa shambani kwa mkulima mmoja likiwa banda la kuku, na siku ya mvua kama hii kuku hao walikuwa bado wananuka.

Jana alasiri Ifor Rangi alikutwa amezimia katika chumba cha tano. Alikuwa akibandua rangi kuukuu kwa dawa kali, dirisha limefungwa, mlango umefungwa, mvuke wa dawa umejaa humo hata waliomtoa walitoka wakibubujikwa machozi. Sasa alikuwa hospitali, anapumua kwa mashine. Na kwenye chumba cha chai, chini ya macho ya Konstebo Gethin, alikaa Macsen Kufuli.

Bondeni humo majina ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo kila mtu hubandikwa kazi yake nyuma ya jina asije akachanganywa na mwingine. Ifor alipaka rangi, akawa Ifor Rangi. Heulwen alishona viti, akawa Heulwen Ngozi. Macsen alisafisha vitasa vya mabehewa, lakini nani asiyejua kwamba jina la Kufuli alikuja nalo kutoka gerezani, alikofungwa kwa kuvunja nyumba za watu? Kifungo chake cha nje kilikuwa hakijaisha. Kosa moja tu, angerudishwa ndani. Na binti yake Cadi, ambaye mahakama ilikuwa ndiyo kwanza imemruhusu kumchukua siku za Jumamosi, angekua akimsikia baba kwa jina tu.

Simu ya Mererid ikalia. Alikuwa Inspekta Garmon, kutoka mjini.

"Mererid, bado unakagua mbao?"

"Bado, Inspekta."

"Za nini? Ufunguo wa Macsen umeokotwa chini ya mlango. Mkanda wa dirisha umekatwa kwa kisu. Alimtishia Ifor mbele ya watu. Unataka nini tena, aungame kanisani?"

"Nataka kujua mlango ulifungwaje."

"Kwa ufunguo! Jioni namtaka hapa, na karatasi zake za mashitaka."

"Jioni bado, Inspekta," Mererid alisema, akairudisha simu mfukoni.

Mlango wenyewe ulikuwa umelazwa juu ya meza ya fundi, bawaba zimeng'oka, ubavuni una jeraha la mtalimbo. Aliyesimama karibu nao, mikono nyuma, alikuwa Tudur Milango. Kabla ya kustaafu na kushika randa, Tudur alifundisha Kilatini nusu ya bonde, Mererid akiwemo, na sauti ya darasani haikuwahi kustaafu.

"Prydderch," alisema. "Kilatini ulipata ngapi vile?"

"Mwalimu unajua kabisa nilifeli. Nipe ya jana."

"Ya jana ni mafupi. Nilikuwa kule mwisho napiga randa. Nikamsikia Macsen anapiga kelele, 'Ifor yumo ndani, mlango hautoki!' Nikakimbia na mtalimbo. Nikashika mpini, ukageuka vizuri tu, nikavuta. Mlango haukutikisika hata chembe. Ndipo tukaung'oa, mimi na yeye."

"Ufunguo uliuona?"

"Wa nini kuuona? Mlango niliutia mwenyewe Ijumaa. Milango yangu haina tabia ya kugoma. Ukigoma, kuna mtu ameufunga."

"Na ugomvi wao?"

Tudur alikuna shavu. "Ifor ana mdomo. Kila Macsen akiingia kunywa chai, Ifor anaita, 'Jamani, hesabuni vijiko!' Nasi tunacheka. Wiki iliyopita Macsen akamjibu, 'Ipo siku utakosa pumzi ya kunicheka.' Siku hiyo hakuna aliyecheka."

Maneno yenyewe yalikuwa mabaya, tena mabaya zaidi baada ya mtu kukosa pumzi kweli. Mererid alipiga magoti kwenye ngazi ya behewa, akawasha tochi, akaanza na mwimo wa mlango wa chumba cha tano.

Kitasa kikifungwa kwa ufunguo, ulimi wa chuma hutoka mlangoni ukaingia kwenye tundu la mwimo. Ukiung'oa mlango wa namna hiyo kwa mtalimbo, lazima kitu kilipe gharama: ama ulimi upinde, ama mbao ichanike. Mererid alipitisha kidole kwenye tundu. Kingo zake zilikuwa nzima. Hata rangi haikubanduka. Akarudi mezani, akatazama kitasa. Ulimi ulikuwa umelala ndani, umenyooka, una grisi safi ya Macsen.

Lakini juu, pale mlango unapokutana na paa la behewa, na ubavuni wote, vanishi mpya ilikuwa imekwaruzwa mpaka mbao nyeupe ikaonekana.

"Mwalimu, mlango huu haukufungwa kwa ufunguo."

"Ulifungwa na nini basi, na mzimu?"

"Ulikwama."

"Prydderch, nimekwambia milango yangu..."

"Nimesikia. Nani mwenye mikanda ya madirisha?"

Milango ya mabehewa hayo haina mpini ndani. Abiria akitaka kushuka huteremsha dirisha kwa mkanda wa ngozi, akatoa mkono nje na kugeuza mpini mwenyewe. Bila mkanda, dirisha halishuki, na aliye ndani ni wa kusubiri hisani ya walio nje. Hicho ndicho kilichomfanya Inspekta Garmon awe na uhakika: mkanda wa chumba cha tano ulikatwa karibu na shina, mkato mmoja, safi, wa kisu kikali.

Heulwen Ngozi alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alikuja na chai na vipande vya mkate wa zabibu, kwa kuwa aliamini polisi mwenye njaa hukamata ovyo. Mererid alipoweka mbele yake kipande cha mkanda ndani ya mfuko wa plastiki, mama yule aliweka sinia chini.

"Ala! Mkanda wangu huo, mmeutia kwenye mfuko wa samaki?"

"Wako, Bi Heulwen?"

"Wa chumba cha tano. Nusu yake iko kwenye meza yangu ya kushonea. Niliukata Jumamosi nipate kipimo cha mikanda mipya. Skrubu zimeota kutu, nikasema ya nini kuvunja kucha, nikachukua kisu."

"Jana tuliuliza watu wote kuhusu mkanda. Mbona hukusema?"

"Mliuliza nani amekata mkanda ili Ifor afe. Huyo mimi simjui, mwanangu."

Mererid alimtazama, akashindwa kuamua acheke au amkemee. Lakini Heulwen tayari alikuwa amefika mahali ambapo swali lile lilikuwa likielekea. Uso ulimbadilika. Akashika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ni mimi? Asingeweza kufungua kwa sababu yangu?"

"Sikiliza. Mkanda haufungi mlango. Wewe ulikata ngozi ya kazi yako, basi. Kaa, unywe chai hiyo mwenyewe, inakuhusu zaidi kuliko mimi."

Akakaa. Mererid naye alikula kipande cha mkate, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kilikuwa na ladha. Suala la mkanda limekwisha. Ulibaki ufunguo, na ulibaki mlango.

"Jumamosi ulipoingia kukata, mlango ulifunguka?"

"Ulifunguka kwa kununa. Nikauacha wazi. Mvua yenyewe ilikuwa haijaanza."

Upepo ukapiga lango kubwa la karakana, ambalo halifungiki sawasawa tangu zama za kale, na mvua ikaingia hadi kwenye ubavu wa behewa. Hapo hapo kitu kikaanza kugonga: taka-taka-taka.

"Nini hicho?"

"Mlango wa chumba cha sita," alisema Heulwen. "Tangu Ijumaa unaniuma kichwa. Nimeuwekea kitambaa cha sufi, wapi. Unacheza kama jino la mtoto."

Mererid aliweka kikombe chini. Akaenda kwenye mlango wa sita, akachomoa kitambaa kilichokunjwa mara nne na kubanwa kwenye upenyo, akaupenyeza mkono mle ndani hadi kwenye vifundo vya vidole. Mvua ileile, mbao zilezile, fundi yuleyule. Mlango mmoja umebana mpaka mtu nusura afe, na wa jirani yake unapwaya. Aliitazama ile milango miwili kama mama anayewatazama watoto waliorudi nyumbani wamebadilishana viatu.

"Mwalimu," aliita. "Njoo unifundishe. Unajuaje mlango upi ni wa chumba kipi?"

Tudur akasogea. Kufundisha hakuwahi kukataa. "Kila mlango ulitengenezwa kwa tundu lake, hauingii kwingine. Mafundi wa zamani walitia alama kwa patasi: moja kwenye kizingiti, nyingine ileile kwenye ukingo wa chini wa mlango. Namba za Kirumi. Unajua kwa nini za Kirumi?"

"Sijui."

"Kwa sababu patasi haikati mviringo, inakata mistari iliyonyooka. Upande huu tuna namba witiri tu: moja, tatu, tano, saba, tisa na kumi na moja. Mlango wa chumba cha tano ni tisa, wa chumba cha sita ni kumi na moja."

"Na huu uliolala mezani?"

Tudur aliinama, akasogeza miwani, akasoma kwenye ukingo wa chini wa mlango. "I na X. Tisa. Pale pale nilipoutia."

"Hebu njoo usimame upande wangu huku."

"Prydderch, tisa ni tisa hata ukiisoma ukiwa Roma."

"Njoo tu, Mwalimu."

Akaizunguka meza, akilaumu magoti yake njia nzima. Akasimama pale aliposimama Mererid. Akainama tena. Mererid alimwona anafungua mdomo kusoma, kisha anaufunga. Kutoka upande ule haikuwa I na X. Ilikuwa X na I: kumi na moja.

"Wakati wa kuipaka vanishi," Mererid alisema taratibu, "uliilaza uso gani juu?"

"Wa nje." Sauti ya darasani ilikuwa imekwisha. "Wa nje juu, ung'ae vizuri."

"Na wale wa zamani huenda waliichonga uso wa ndani ukiwa juu."

"Tano ukiigeuza, utaona, V inasimama kichwa chini. Saba vilevile. Moja na tatu hazibadiliki." Alipitisha kidole juu ya alama kana kwamba ingeweza kubadilika. "Zilizobaki ni hizi mbili tu. Kila moja ikigeuzwa inakuwa mwenzake. Mungu wangu. Miaka yote ile nimewachapa watoto wa watu kwa namba za Kirumi."

"Tujaribu kwanza," alisema Mererid.

Waliutoa mlango uliokuwa ukipwaya. Wakaubeba ule wa mezani, Tudur kichwani, Mererid miguuni, Heulwen akiwaelekeza na kuwakaripia, wakauweka kwenye tundu la chumba cha sita. Mbao ilikuwa imelowa, ilikuwa imejeruhiwa, na bado iliingia mahali pake bila kusukumwa. Mererid aliugusa kwa kidole. Ukajifunga kwa sauti ndogo, nzuri, ya mlango ulio nyumbani.

Heulwen alimshukuru Mungu kwa sauti. Mabega ya Mererid yaliyokuwa yamekaza tangu jana yalishuka, na alijisikia mwepesi kiasi kwamba angeweza kumkumbatia yeyote aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni Tudur, na Tudur alikuwa analia.

"Nilimwambia kila mtu umefungwa kwa ufunguo," alisema. "Kwa sababu kama si ufunguo, basi ni mimi. Sikuwaza hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Futa uso, Mwalimu. Kuna mtu anasubiri kuyasikia hayo, tena ana haki ya kuyasikia kwako."

Chumba cha chai kilikuwa na joto na kimya. Macsen alikaa nyuma ya meza, mikono ameificha chini yake. Tangu jana alikuwa ameshikilia jambo moja: hakugusa kitasa, hakuwa na ufunguo. Mererid alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Macsen, ulinidanganya."

Macsen aliinamisha macho.

"Weka mikono mezani."

Aliiweka. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka, na vidole vimechanika kama vya mtu aliyejaribu kufungua jiwe. Konstebo Gethin aligeuka akatazama birika. Alikuwa amekaa na mtu huyo siku nzima na hakuwa ameiona mikono yake.

"Nilimwona kupitia kioo," Macsen alisema. "Amelala chini. Nikavuta, hautoki. Nikasema umefungwa, nikatia ufunguo, nikazungusha huku na huku, wapi. Nikautupa. Nikajaribu kwa kucha. Ndipo nikapiga kelele."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Afande, hebu jiweke kwangu. Mtu ninayeitwa Kufuli, niseme nilikuwa na ufunguo mkononi mbele ya mlango uliofungwa, na ndani kuna mtu niliyemwambia atakosa pumzi. Nani angesubiri nimalize?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Mererid hakuwa na la kumlaumu. Nani angemsubiri amalize? Inspekta Garmon?

"Ufunguo ulizunguka bure kwa sababu kitasa hakikuwa kimefungwa," alisema. "Mlango ulikwama. Ulikuwa wa chumba kingine, na mvua ikauvimbisha."

Tudur aliingia. Alisimama katikati ya chumba kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mkuu. "Mlango ni wangu, Macsen. Niliusoma kichwa chini. Kisha nikakuweka wewe mahali pangu. Nisamehe. Kuanzia leo milango simo."

Macsen aliinua uso. "Usiseme hivyo, Mwalimu. Ukiiacha milango nani ataitia, mimi? Watu wa hapa watahesabu mpaka bawaba."

Gethin alicheka kabla hajajizuia. Heulwen, mlangoni, alicheka huku akijifuta macho kwa aproni. Hata Tudur alijikuta akitoa sauti iliyokuwa kati ya kicheko na kwikwi. Simu ya Gethin ikalia katikati ya hayo yote, akaisikiliza, akainua mkono watu wanyamaze.

"Hospitali," alisema. "Wamemtoa Ifor kwenye mashine. Anaongea. Anasema alikuwa analowa, akauvuta mlango mwenyewe kwa mikono miwili mpaka ukaingia. Halafu akashindwa kuusukuma." Akasikiliza tena. "Anauliza nani alikuwa nje. Anasema aliona mikono kwenye kioo."

Wote walikuwa wanaitazama ile mikono iliyokuwa juu ya meza.

Mererid alimpigia Inspekta Garmon akiwa amesimama palepale, ili Macsen asikie kila neno. Garmon alibisha, akauliza habari za mkanda, akajibiwa, akauliza habari za ufunguo, akajibiwa, akauliza, "Sasa jioni unaniletea nani?"

"Simleti mtu, Inspekta. Jioni nitakuletea mlango, ukiutaka."

Alipokata, Macsen alikuwa bado amekaa.

"Uko huru," Mererid alimwambia. "Nenda nyumbani."

"Naweza kupiga simu kwanza? Cadi ameshatoka shule. Bibi yake alimwambia Jumamosi isubiriwe kwanza, haijulikani kama nitakuja."

Akapewa simu ya Mererid. Akabonyeza namba kwa kidole kilichosalimika, akaiweka sikioni. "Cadi," alisema. "Cadi, baba hapa." Midomo ikaendelea kutikisika lakini hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Mwishowe akamnyooshea Mererid simu, akitikisa kichwa.

"Mwambie wewe. Mimi sauti imegoma."

Mererid aliichukua. "Halo, Cadi. Baba yako anasema Jumamosi atakuja kukuchukua, kama kawaida."

"Wewe nani?"

"Naitwa Mererid. Mimi ni polisi."

Sauti ndogo, iliyochoka kuliko umri wake, ikauliza, "Amefanya nini tena?"

"Safari hii?" alisema Mererid, akimtazama Macsen. "Kuna mtu alikuwa anakufa, na baba yako akamwokoa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mimi mwenyewe ndiye niliyechunguza."

Akasikia simu inaachwa mezani kwa kishindo, miguu inakimbia, mtoto anaita nyumba nzima isikie, "Bibi! Bibi! Polisi anasema baba kafanya jambo zuri!" Mererid akairudisha simu kwenye mkono wa Macsen, aendelee kusikiliza, kisha akawatoa wengine wote nje, akafunga mlango polepole nyuma yake.